Moto Ulioandikwa "Hitilafu ya Umeme" Katika Nyumba Isiyo na Umeme

BARUA YA WAZI

Kwa wakubwa wenye dhamana ya zimamoto, ukaguzi wa bidhaa na taka,
Mkoa wa Mtwara.

YAH: MOTO WA BETRI MAJUMBANI

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni fundi redio na simu. Kibanda changu kiko Mikindani na kazi hii nimeifanya miaka 22, tangu enzi za redio za mawe manne hadi leo ambapo kila kitu kinachoingia kibandani kina betri ya kuchaji tumboni: spika, tochi, balbu, feni, mashine ya kunyolea. Nimewaandikia barua tatu kuhusu jambo hili. Ya kwanza niliipeleka kwa mkono, nakala yangu ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Ya pili niliambiwa imehamishiwa ofisi nyingine. Ya tatu, kijana wa mapokezi aliniuliza kwa upole kama nina mtu wa ndani. Sina. Ndiyo maana leo naandika mahali ambapo kila mtu anasoma. Sitataja ofisi wala jina la mtu, kwa sababu sikuja kumvua mtu nguo hadharani. Anayehusika atajijua.

Msimu uliopita wa korosho, nyumba ya bibi mmoja, jirani wa dada yangu upande wa Naliendele, iliungua usiku. Ni nyumba ya udongo, bati mbele, makuti uani. Haina mita ya umeme. Haijawahi kuwa nayo. Nguzo ya mwisho iko mbali kiasi kwamba bibi hajawahi hata kuuliza bei ya kuungiwa. Taa zake zilitoka kwenye paneli ndogo ya sola juu ya bati, na chini ya kitanda kulikuwa na betri ambayo mjukuu wake alinunua kwa mchuuzi: seli za kompyuta mpakato zilizokwisha kazi, zimefungwa pamoja, zikavikwa nailoni ya buluu inayong'aa kama kitu kipya. Chumba cha pili kulikuwa na magunia tisa ya korosho yakisubiri kupelekwa chama cha msingi.

Bibi anasema alisikia mlio kama sambusa inapotumbukizwa kwenye mafuta. Kisha harufu tamu, kama rangi ya kucha. Kisha milipuko midogo midogo, pa, pa, pa, na moshi mweupe uliojaa chumba kabla hajapata kanga yake. Mjukuu alimtoa kwa kumvuta mkono, na mkono huohuo mmoja uliungua hadi kwenye kiwiko. Majirani walikuja na mchanga na ndoo chache za maji. Moto ulipofika kwenye korosho, kazi ikaisha. Kila mtoto wa kusini aliyewahi kuchoma korosho juu ya bati kuukuu anajua ganda lile linavyorusha mafuta na kushika moto. Zidisha mara magunia tisa.

Wiki mbili baadaye dada yangu alimsindikiza bibi kufuatilia karatasi ili aombe msaada. Karatasi ikatoka. Kwenye sehemu ya chanzo cha moto iliandikwa: "Hitilafu ya umeme."

Umeme upi, waheshimiwa?

Hapo ndipo malalamiko yangu yanapoanzia, na yote yanayofuata yanatokana na maneno hayo matatu.

1. Moto wa betri hauandikwi kwa jina lake.

Sidhani kama aliyeandika alikuwa na nia mbaya. Aliona nyaya zimeungua, akaandika alichozoea kuandika. Lakini matokeo yake ni kwamba kwenye makaratasi yenu betri haijawahi kuchoma nyumba Mtwara. Na kama haijawahi, kwa nini mtu wa ukaguzi wa bidhaa ahangaike nayo? Kwa nini mwalimu apewe kipindi cha kuwafundisha watoto? Kwa nini bajeti itengwe? Nilipoeleza haya ofisini niliambiwa, "Fundi, lete takwimu." Takwimu mnazo ninyi, wakubwa wangu, ila mmezizika ndani ya "hitilafu ya umeme", pamoja na jiko lililosahauliwa na pasi iliyoachwa juu ya nguo.

Mwaka 2023 jiji la New York, Marekani, lilihesabu watu 18 waliokufa kwa moto wa betri za lithiamu, wengi kutokana na baiskeli za umeme na vyombo vya aina hiyo. Mwaka huohuo likaweka sheria kwamba chombo kisicho na cheti cha usalama kisiuzwe. Sisemi sisi ni New York. Nasema wale walijua idadi kwa sababu kuna mtu aliandika "betri" kwenye fomu. Pikipiki za umeme zinakuja na huku kusini. Zitakapojaa tutakuwa bado tunaandika hitilafu ya umeme?

2. Sokoni kunauzwa uongo uliochapishwa kwa maandishi makubwa.

Hapa nina mengi, mnivumilie, ndiyo kazi yangu.

Seli inayotumika kwenye tochi nyingi, spika za kuchaji na benki za chaji ni ile ya mviringo tunayoiita 18650. Jina lake ni vipimo vyake: upana milimita 18, urefu milimita 65. Ikijaa inafika volti 4.2, na haitakiwi kuzidi hapo hata kidogo. Seli halisi ya aina hiyo, hata ikitoka kiwanda kizuri, kiasi cha chaji inachobeba, kinachopimwa kwa mAh, kwa kawaida ni kati ya 2000mAh na 3500mAh. Sasa tembeeni kwenye meza za wachuuzi siku yoyote. Mtakuta seli zimeandikwa 9900mAh. Ni sawa na mtu akuuzie debe moja la mahindi akisema lina kilo tisini. Ukiipima kwa mzani wa dhahabu, seli halisi ina gramu 45 hivi. Nyingine nilizopasua kibandani zilikuwa nyepesi zaidi ya hapo, na ndani ya moja nilikuta kiseli kidogo zaidi kimezungushiwa unga mweupe wa kujazia nafasi.

Mbaya zaidi ya hizo ni zile zilizokwisha kazi. Seli inatolewa kwenye kompyuta iliyokufa, inavuliwa gamba la zamani, inavikwa nailoni mpya, inarudi sokoni. Ndani imechoka. Inapochajiwa, hasa juani au chini ya bati mchana ambapo chumba kinakuwa tanuri, joto linapanda. Watengenezaji wengi wanakataza kuchaji betri za lithiamu joto likizidi nyuzi 45. Ikifika mahali kizuizi cha ndani kinayeyuka, pande mbili zinagusana, seli inajipasha moto yenyewe na kuipasha ya jirani. Hapo huna tena cha kuchomoa. Moto hauhitaji umeme wa nguzo, haungoji chaja. Ndiyo maana nyumba ya bibi ingeweza kuungua hata paneli ingekuwa imefungwa kabatini.

Nikiri na langu. Miaka kama saba iliyopita mimi mwenyewe nilitengeneza betri mbili za namna hiyo, bila bodi ya ulinzi, nikachomelea waya kwa risasi moja kwa moja kwenye seli, jambo ambalo joto lake peke yake linaiumiza seli. Nilifurahi kuona taa zinawaka. Moja ilirudi kibandani imevimba kama mandazi. Tangu siku hiyo sijauza betri isiyo na bodi ya kukata chaji ikijaa na kukata ikitokea shoti. Bodi hiyo haigharimu fedha nyingi, lakini mteja akisikia bei imepanda kidogo anakwenda meza ya pili. Mchuuzi hana kosa la kuulizwa, kwa sababu hakuna anayemuuliza.

Na wote tunajua ni wakati gani. Fedha za korosho zikiingia, meza zinajaa hadi barabarani. Bidhaa hizi zinatufuata kwa kalenda kama mvua. Mkaguzi akitaka kuzikuta hahitaji mpelelezi, anahitaji kutembea sokoni mwezi wa 11.

3. Tunazima vibaya kwa sababu tumefundishwa nusu.

"Umeme na maji haviendi pamoja." Somo hilo ni sahihi, nami nalifundisha. Lakini limetufanya tuogope kumwagia maji hata simu inayoungua peke yake mezani, haina waya wala soketi. Betri ya lithiamu inayowaka inahitaji kupozwa, na kinachopoza ni maji mengi. Kama kifaa kimechomekwa ukutani, kata swichi kuu kwanza. Mchanga unazuia cheche zisiruke, ila hauipozi seli. Chini ya mchanga inaendelea kuiva na inaweza kulipuka upya baada ya saa kadhaa. Usiku ule majirani walimwaga mchanga, wakaona moto umelala, wakaenda kuokoa vyombo. Ukaamka.

Moshi wake nao ni sumu. Kwa hiyo jambo la kwanza ni watu kutoka na mlango kufungwa nyuma yao, kisha namba 114 ipigwe, kisha ndiyo maji kama yanawezekana kutoka nje. Mambo haya yanamalizika kuelezwa kwenye mkutano mmoja wa mtaa. Nimehudhuria mikutano mingi ya mtaa. Tumefundishwa kuhusu kipindupindu, mikopo na sensa. Kuhusu moto, mara moja, na tulionyeshwa mtungi mwekundu ambao hakuna aliyekuwemo pale angeweza kuununua.

4. Betri za gari ndani ya vyumba vya kulala.

Wavuvi wa dagaa waliachana na karabai; sasa wanatumia taa za betri, na betri ile ya volti 12 ikirudi kutoka baharini inachajiwa nyumbani, mara nyingi chumbani, kwa kuogopa wezi. Inapochajiwa inatoa hewa ya haidrojeni. Chumba kikifungwa, hewa hiyo ikifika asilimia 4 tu inatosha kulipuka kwa cheche ya kibano cha waya. Halafu kuna hili la "maji ya betri". Kwa Kiswahili chetu cha mtaani jina hilo ni la maji safi ya kuongezea na pia ni la asidi yenyewe, na vyote vinauzwa kwenye chupa za maji ya kunywa zilizookotwa. Mama mmoja mteja wangu alimwokoa mtoto chupa ikiwa tayari mdomoni. Kibandiko chenye alama ya fuvu hakigharimu kitu. Mlazimisheni muuzaji akibandike.

5. Betri za kidonge.

Sitarefusha, ila someni polepole. Betri bapa kama sarafu, ya rimoti ndogo, ya mizani, ya taa za mapambo, mtoto akiimeza na ikakwama kooni inaanza kuunguza nyama, na ndani ya saa 2 inaweza kutoboa. Hata ile tunayosema imekufa bado ina nguvu ya kufanya hivyo. Mtoto anaweza kuonekana ana mafua tu au kakataa kula. Asitapishwe, asipewe chakula, akimbizwe Ligula au hospitali yoyote yenye eksirei na mzazi aseme wazi neno "betri". Kama amezidi mwaka mmoja na ameimeza muda si mrefu, vijiko viwili vya chai vya asali kila dakika 10 njiani, isizidi mara sita, vinapunguza madhara. Safari isicheleweshwe kwa kutafuta asali. Nimeona vifaa vya kuchezea vya watoto ambavyo mfuniko wa betri hauna hata skrubu. Vinauzwa karibu na milango ya shule.

6. Hatuna pa kuzipeleka zikifa.

Pale kibandani nina ndoo ya lita 20 yenye mchanga. Ndani yake kuna betri za simu zilizovimba, seli zilizochoka, vidonge. Nimezikusanya kwa miaka, kila moja nimeifunga gundi ya karatasi kwenye ncha zake zisigusane. Nikizitupa jalalani zinachomwa pamoja na takataka, na watoto wanaookota chuma wako hapohapo. Kanuni za taka za umeme na elektroniki zipo tangu mwaka 2021. Nilipouliza ni wapi Mtwara mtu wa kawaida anapeleka betri mbovu, nilitajiwa Dar es Salaam. Nauli ya ndoo ni shilingi ngapi?

Najua mtakayosema, maana nimeshaambiwa yote. Mtasema bajeti hakuna. Kubadilisha mstari mmoja kwenye fomu ya tukio la moto, ukaongezwa "betri: ya simu, ya sola, ya gari, ya pikipiki", ni gharama ya wino. Mtasema bidhaa zinapita njia za panya. Inawezekana, lakini zinauzwa barabara kuu, mchana kweupe, na Sheria ya Viwango ya mwaka 2009 haisemi mkaguzi asubiri bandarini. Mtasema wananchi wanapenda rahisi. Bibi yule hakupenda rahisi. Alinunua alichoona mezani, na hakuna alama yoyote iliyomwambia hii ni salama na hii si salama. Mmoja wenu aliwahi kuniambia kwamba mafundi ndio tatizo. Amesema kweli kwa sehemu, nami nimeshakiri. Basi tuiteni tufundishwe, mtupe cheti, na asiye na cheti asiunge betri. Mimi nitakuwa wa kwanza kwenye foleni.

Ninachoomba ni hiki, na naomba kifanyike kabla minada ya korosho haijaanza:

Karatasi ya bibi irekebishwe, iandikwe chanzo halisi. Hili naliweka mbele makusudi. Si kwa ajili ya fidia, hiyo ni habari nyingine, ila kwa sababu ndiyo betri ya kwanza mtakayokuwa mmeihesabu.

Fomu zote za moto kuanzia hapo ziwe na nafasi ya betri.

Ukaguzi wa meza za betri ufanyike mara moja kabla ya msimu na mara moja katikati yake, seli za 9900mAh na ndugu zake ziondolewe, na wenye maduka wajue mapema ili asiwepo wa kusema ameonewa.

Kila kata iwe na pipa moja la chuma lenye mchanga, chini ya kivuli, mbali na jalala, na gari la kuyakusanya hata kama ni mara mbili kwa mwaka. Mafundi tutayasimamia bila posho.

Na mkutano mmoja wa mtaa kwa kila mtaa, nusu saa, kuhusu betri tu. Nipo tayari kuja na ndoo yangu kama kielelezo. Sitaiwasha.

Mkiamua kunijibu kwa barua, anwani yangu iko kwenye zile tatu za awali. Mkiamua kuja, kibanda kinafunguliwa saa mbili asubuhi. Ndoo imejaa, mchanga umefika ukingoni, na jana mteja ameniletea betri nyingine ya simu imevimba. Nimeiweka juu ya tofali nje, nikaifunika sufuria kuukuu. Nielekezeni niipeleke wapi.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Fundi redio na simu,
Mikindani, Mtwara.

Nakala: Mwenyekiti wa mtaa wetu, ubao wa matangazo wa soko, bibi, kupitia kwa dada yangu, ambaye atamsomea.